Kibuyu Mdomo Chini

Namnyak alipofika sokoni na maziwa yake ya alfajiri, hakuna hata mmoja wa wanawake wauzaji aliyeitikia salamu yake. Jana wanawake hao hao walimpigia vigelegele mkutanoni, aliposimama mbele ya diwani akaipinga sheria mpya ya kupeleka maziwa yote kiwandani. "Ng'ombe wetu wanakula majani yasiyoguswa na dawa," alisema. "Maziwa yao yakichanganywa na ya wengine, mteja atajuaje anachokunywa?"

Sasa walikuwa wameinamia vyombo vyao.

Juu ya meza yake kulikuwa na kibuyu alichokiacha hapo jana, kimepinduliwa mdomo chini. Sokoni hapo kibuyu hakipinduliwi ovyo. Hupinduliwa muuzaji anapofariki, ili wateja wake wasimsubiri.

"Sianto," alimwita jirani yake wa meza, "nani kafa?"

Sianto aliendelea kufuta kifuniko kilichokwisha kung'aa. "Bado, dada."

"Nani amekipindua?"

"Tumekikuta hivyo."

Namnyak alikiinua. Bado kilinukia moshi wa mzeituni aliokifukizia kwa mikono yake. Alikisimamisha, akamimina maziwa mpaka kikajaa, na hakuna tone lililomwagika.

Nje ya lango gari lilisimama, lakini injini haikuzimwa. Wateja waliokuwa wakija wakageuza njia. Namnyak alishika kata, akapaza sauti kama kila siku: "Maziwa! Maziwa ya leo haya!"

Sianto akavuta khanga yake taratibu, akajifunika kichwa kama wanavyojifunika msibani.