Marehemu Babu Polikarpo

Babu yake Edgar alizaliwa Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa watu huko Mbweni, kinywani mwa Apolonia. Alizaliwa akiwa tayari marehemu.

"Marehemu mzee wetu Polikarpo," alisema Apolonia, akipangusa jicho kavu kwa ncha ya kitenge, "ndiye aliyetuusia. Mkitaka kuoa, nendeni kwenye nyumba ya heshima."

Kasimiri, aliyeketi kando yake kama mjomba wa mposaji, nusura apaliwe na soda. Huyo Polikarpo hawakumpanga. Lakini wote wawili walikuwa waigizaji wa papo kwa papo kutoka Mbagala, kundi lisilo na maandishi wala mazoezi. Watazamaji wakitaja jambo, wao wanalicheza hapo hapo, na sheria yao ni moja tu: mwenzako akisema kitu, hukatai. Unapokea, unaongeza.

Ila leo hapakuwa na jukwaa. Edgar, fundi umeme, alilelewa kituo cha yatima, na kwa aibu alimdanganya mchumba wake Monica kwamba ana ukoo mkubwa Masasi. Monica akamjibu kwamba baba yake ni mkali, hapokei posa isiyoletwa na wazee. Hapo ndipo Edgar alipokwenda kuwapigia magoti.

"Dada Apo, mkiumbuka, mie Monica ndiyo basi tena," alisema, na machozi yakamtoka. Apolonia amelia kwenye maigizo mengi, lakini siku hiyo alilia bure.

Sasa Edgar alikuwa amejibanza dukani pale kona, maana mposaji haingii, akingoja kuambiwa kama ana mke.

"Polikarpo yupi?" aliuliza baba yake Monica, Mzee Gervas, mtu mwembamba ndani ya koti lililompwaya mabegani.

"Wa Masasi, baba. Mpiga tarumbeta wa kanisani."

Mzee Gervas alikunja uso. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Polikarpo Tarumbeta!" mzee alipiga paja. "Yule aliyekuwa anachechemea?"

Apolonia alishtuka. Mtu amjue vipi babu ambaye wino wake haujakauka? Lakini sheria ni sheria.

"Huyo huyo," akasema.

"Mguu gani vile?" aliuliza mama yake Monica.

"Kushoto," alisema Apolonia.

"Kulia," alisema Kasimiri, kwa pamoja naye.

Kasimiri alianza kutafuta mlango kwa macho. Apolonia alimwona Edgar akizeeka peke yake, na roho ikamuuma kweli.

"Wote mko sawa," alisema Mzee Gervas taratibu. "Asubuhi alichechemea kushoto. Jioni, akishagonga uraka, ile pombe yake ya mabibo, kilema kilihamia kulia."

Apolonia alimshukuru Mungu kwa kuumba wanaume wanaojua kila mtu. Kila mtaa una mmoja. Ukimtajia waziri, alisoma naye. Ukimtajia marehemu, alimzika. Leo uongo wa mzee mmoja mwenye majivuno ulikuwa umemwokoa fundi umeme.

Basi Polikarpo akaanza kunenepa. Kasimiri akasema aliwahi kumfukuza simba kwa tarumbeta. Mama yake Monica akasema simba yule alirudi kesho yake kuomba wimbo mwingine. Mzee Gervas akauimba wimbo wenyewe, na Kasimiri akadakia ubeti wa pili, ingawa wimbo haujawahi kuwepo duniani. Mama akainuka kuonyesha babu alivyocheza na kilema chake, akavunja glasi, na wote wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakakumbuka kwamba amekufa, wakamlilia.

Apolonia alikuwa hajapata raha ya namna hiyo tangu aanze kuigiza.

"Sasa mama," alisema Kasimiri akijifuta uso, "jogoo wetu ameacha kula. Anawika kuelekea huku."

"Kuku tunao wengi," alijibu mama. Akamtoa chumbani mtu aliyefunikwa khanga gubigubi. Wakamfunua: shangazi mmoja wa makamo, kifua mbele, akawakonyeza.

"Huyu baraka tupu," alisema Kasimiri, "ila jogoo wetu ataogopa."

Ndipo akaja Monica mwenyewe, akipiga goti. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Apolonia.

Binti alimtazama Mzee Gervas kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mjukuu wa Polikarpo," alisema mzee, "mie nimnyime mke? Amechukua!"

Vigelegele vilipasua nyumba. Edgar alivisikia kule dukani, akaja mbio bila kulipa soda, na Monica alipomwona mlangoni alilia kwa kelele bila kujali nani anamwona.

Pilau ilipopakuliwa, Apolonia alitoka uani kunawa. Mzee Gervas alimfuata na jagi, akamchuruzishia maji mikononi. Koti alikuwa ameshalivua.

"Sista," alinong'ona, "Mungu akubariki kwa yule babu. Mie nilikuwa nimeishiwa kabisa."

"Umeishiwa nini, mzee?"

"Nyie ni kundi gani? Sie wa Temeke. Monica katuomba juzi tu, hana ndugu hata wa dawa."