Kidole Kwenye Kadi

Laptopu ilikuwa kuukuu, na kadi ya mtandao aliyoichomeka Tatu ubavuni ilikuwa inacheza. Akiikandamiza kwa kidole gumba, taa ya kijani inawaka. Akilegeza kidogo tu, inazimika, na usaili wa kazi anaofanyiwa mtandaoni nao unakatika.

Kidole kilimfa ganzi. Alipojaribu kubadilisha mkono, sura za wasaili zikaganda.

"Bi Tatu, unatusikia?"

Mlango ukafunguliwa. Mbaraka, mumewe, aliyekwisha kuapa kwamba mkewe haendi kufanya kazi mji wa mbali, alisimama na mkate mkononi. Akaitazama skrini, kisha ule mkono uliong'ang'ania ubavu wa laptopu.

"Mama Nasra, unashika nini?"

"Kadi. Nikiiachia, wananipotea."

Mbaraka akaweka mkate chini, akapiga magoti, akakiondoa kidole cha mkewe na kuweka chake. Taa ikawaka.

"Sasa tunakupata vizuri," ilisema laptopu. "Kazi ni yako ukiitaka. Je, utakuja?"

Tatu alifungua mdomo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kidole cha Mbaraka, ambako ukucha uliokuwa umepauka kwa kukandamiza ulianza, taratibu, kurudiwa na rangi yake: kidole kilikuwa kinalegea.