Mgeni wa Hajj Zaghlul

Mgeni alipokea kikombe cha kahawa, akakitazama, kisha akakiweka mezani bila kukifikisha mdomoni.

"Sinywi kahawa yako, Hajj, mpaka unipe nilichokifuata."

Ng'ambo ya ngazi, katika nyumba ya jirani, Safinaz alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa skrini iliyowaonyesha wale wawili. Maneno yale hayakuwamo katika maandishi. Filamu aliiandika yeye na aliijua yote kwa moyo. Lakini nani hapa mtaani Imbaba asiyejua maana yake? Mgeni akisusa kahawa, mwenyeji hana ujanja, lazima amuulize haja yake. Akimtimizia, mgeni anakunywa na yanaishia hapo.

"Huyu mgeni katoka nje ya maandishi," Girgis, mpiga picha, akanong'ona. "Nikate?"

"Ukikata nakukata wewe. Mwache, huyo mwigizaji fundi."

Safinaz alikulia kwenye sinema za kusisimua za wenzake, wala hakuona haya kuchota humo. Katika moja alichukua mtu aliyedhulumiwa. Katika nyingine, adui anayekuja kwa miguu yake mwenyewe. Na kulikuwa na hila aliyoipenda kuliko zote: wachezaji wasionane kabisa kabla ya siku ya kupiga picha, kamera ifichwe, ili hofu iwe hofu ya kweli. Mifupa ya watu, nyama yangu, ndivyo alivyozoea kusema.

Nyama aliipata katika jengo hili. Kamba ya lifti ilikatika, lifti ikaporomoka na Insaf, mke wa Hajj Zaghlul fundi cherehani, akiwa na kapu lake la mboga. Kesi ikazungushwa ofisi hii hadi ile, maana wakubwa hawafungani. Mhandisi aliyekagua lifti na kusema ni nzima alipandishwa cheo. Waliobaki hai wakaachiwa ngazi.

Basi Safinaz akamwomba mume mwenyewe acheze. Hajj alikubali bila kubembelezwa. Sharti lake lilikuwa moja tu, kazi ifanyike Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Wa kucheza mhandisi alipatikana kwa simu, mwigizaji wa jukwaani kutoka mji wa Mansura. Safinaz alikuwa amemwona kwenye picha moja ya zamani, ana ndevu. Alimwambia anyoe, avae suti, apitie bastola ya bandia dukani, apande moja kwa moja hadi kwa Hajj na kumkabidhi mlangoni, bila kumsalimu mtu mwingine. Simu zote zizimwe. Na kamera ilikuwa ya kuazima, kesho mwenyewe anaichukua. Kazi ya leo ikiharibika, filamu ndiyo imekufa.

Haikuonekana kuharibika. Mgeni alikuja kwa saa yake, mnene, kidevu kimenyolewa, akihema kwa ngazi za ghorofa sita, na sasa alikuwa anaeleza haja yake bila soni. Alisema karibu atakabidhiwa wilaya nzima, ila kesi ya Insaf imemlalia njiani kama mzoga. Hajj aifute, wawe ndugu.

Hajj Zaghlul hakupandisha sauti. Alisema ataifuta leo leo. Lakini kwanza mgeni aseme ukweli, na asimwambie yeye. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya mkewe.

Mgeni alicheka kidogo. Akajifuta shingo, akautazama mlango, akaitazama kahawa. Mwisho akaigeukia picha.

"Bibi Insaf," alisema, "nililetewa habari kwamba kamba imeoza. Mwenye jengo ni mtu wa mkubwa wangu. Nikaambiwa andika ni nzima. Nikaandika."

"Siku ile ya ukaguzi uliipanda?" Hajj akauliza.

"Lifti?" Mgeni akainamisha kichwa. "Hapana. Nilipita ngazi."

Girgis alipiga ishara ya msalaba gizani. Katika maandishi ya Safinaz mhandisi anakana mpaka mwisho; hii ilikuwa bora mara mia, naye aliona wivu kwamba haikutoka kichwani mwake.

Mgeni akanyoosha mkono kwenye kikombe, uso umemkunjuka kama mtu aliyetua mzigo. Hajj akamwahi. Akakichukua kikombe na kukinywa yeye, taratibu, mpaka kwenye mashapo.

Mkono wa mgeni ulibaki hewani. Rangi ilimtoka. Safinaz alikuwa ameona waigizaji wanaojitoa machozi, lakini hakuwahi kuona anayejitoa rangi.

"Hajj, mimi nina watoto."

"Sisi hatukujaliwa," alisema Hajj Zaghlul, na akatoa bastola chini ya mto.

Mlio ulitikisa madirisha ya jengo zima. Mgeni aliangukia ubavu, akakivuta kitambaa cha meza, akatulia. Hajj akaketi, akaweka mikono magotini, akamtazama mkewe. Safinaz aliiacha kamera iendelee kunywa ule ukimya.

"Stop," akasema hatimaye, machozi yakimtiririka. "Ferkesh!"

Kwa neno hilo la kufunga kazi, chumba kizima kikalipuka kwa makofi. Girgis alimbusu Safinaz kwenye paji la uso, akamwambia ajiandae, mwaka huu kwenye tuzo watawalaza wenzao na viatu.

Mlango ukagongwa. Mlangoni alisimama mtu mnene, kidevu kina mikwaruzo mipya ya wembe, suti imemlowa jasho, mfuko wa nailoni mkononi.

"Nisamehe, Ustadha. Wamefunga daraja, sijui mkubwa gani anapita, na simu yako haipatikani, nikaona nianzie kwako." Akamkabidhi mfuko. "Bastola yenu ya bandia hii hapa, nimeipitia dukani kama ulivyoniagiza. Hajj hajachoka kunisubiri?"