Damu Namba Nane

Doreen Heslop, fundi wa maabara, aliutumbukiza ufunguo wa droo ndani ya kikombe chake cha chai.

"Haya, uchukue," alisema. "Chai ya moto hiyo."

Profesa Hilary Charlton, mkuu wa maabara, aliuweka chini mkate wake wa jibini na achari. Clive, mumewe, humfungia mkate huo kila asubuhi kwenye karatasi, na juu ya karatasi humchorea uso unaocheka. Leo hata huo uso haukumpa hamu ya kula.

Kwa miaka kumi na mmoja maabara yao pale Newcastle ilikuwa ikichunguza jambo moja tu: jinsi seli za kinga zinavyoingia kwenye ngozi ya mtu kabla hajazaliwa. Zinawahi ajabu. Wiki ya saba zimeshafika, ngozi yenyewe ingali utando. Walinzi wako zamu, nyumba haina hata mlango! Zinasaidia kujenga mishipa ya damu, na katika siku hizo za mwanzo ngozi ikichanika hujifunga bila kovu. Hilary alipenda kuwaambia wanafunzi kuwa huo ndio umri pekee ambao mtu huumia asibaki na alama.

Vipande vya ngozi hutoka kwa wanawake ambao mimba zao zimetoka au zimetolewa, wakaridhia kwa saini. Majina hayaletwi. Ni namba na wiki, basi.

Kipande cha Jumatatu kilikuwa cha wiki kumi na nne. Seli zilihesabika vizuri, mpaka kompyuta ilipopiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa: ndani ya kipande mna Damu Namba Nane.

Hizo ni damu za kulinganishia, kumi na mbili. Doreen alizitoa mwenyewe kwenye sherehe ya Krismasi, ujira ukiwa keki: watafiti, mlinzi wa getini, mleta barua, wake na waume waliokuja kuwachukua watu wao. Yeyote mwenye mshipa. Majina akayatia kwenye bahasha, bahasha akaifungia kwenye droo. Damu hiyo ikionekana ndani ya kipande, lazima kuna mtu amechanganya mirija. Na mirija yote hupita mikononi mwa Doreen.

"Umebakiza wiki tatu ustaafu," Hilary alisema. "Miaka ishirini na tisa ya kazi. Kamati ya chuo ikisikia uzembe, unatolewa nje kama paka aliyeiba samaki. Sherehe hakuna. Barua ya shukrani hakuna."

"Nitaondoka bila keki. Nimenenepa vya kutosha, mwanangu." Doreen aliwaita watu wote mwanangu, hata mkuu wa chuo.

"Kwa hiyo kosa ni lako?"

"Andika ni langu."

"Ulichanganya vipi?"

"Miwani. Uzee. Chagua mwenyewe."

Hilary hakuamini. Huyu ni mtu wa kubandika lebo kwa rula! Akarudi kwenye kompyuta, akashuka mstari kwa mstari. Uchafu wa damu ngeni ungeonekana hapa ukakosekana pale. Lakini kila mahali alipotazama, nusu ya vinasaba ilikuwa ya Namba Nane. Nusu kamili, mwanzo hadi mwisho. Na Namba Nane ilikuwa damu ya kiume.

Akacheka mpaka akashika meza.

"Doreen! Hukuchanganya kitu. Huyu ni baba! Namba Nane ndiye baba wa mtoto!"

Doreen hakucheka.

"Ni yule Gareth wa darubini, sivyo? Ndiyo maana anajimwagia manukato vile!"

"Sijui."

"Unajua. Wewe ndiye uliyemchoma sindano. Kamati itataka jina tu, na wewe umesalimika."

"Hilary." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Andika uzembe. Kitupe hicho kipande. Nikuchemshie chai nyingine."

Hilary akamtazama yule mama, mikono yake minene imelala mapajani. Yeye alitafuta mtoto miaka tisa, sindano juu ya sindano, mpaka Clive alipomshika mkono akasema inatosha, wao wawili wanatosha. Na kumbe mvulana fulani kapata mtoto bila hata kutafuta, kisha kizee huyu ndiye abebe aibu.

"Sikubali," alisema. "Miaka yote umenilinda mimi. Leo zamu yangu."

"Mwanangu, nakuomba."

Hilary akatia vidole kwenye chai, akautoa ufunguo. Ilimuunguza. Akafungua droo, akachana bahasha.

Mwandiko wa Doreen ulikuwa mkubwa, na kila jina lilikuwa na utani wake pembeni. Gareth alikuwa Namba Tano: *alifumba macho*. Mlinzi wa getini, Namba Saba: *keki sita, na mbili mfukoni*.

Namba Nane: *Clive wa Hilary. Keki moja tu. Kauchorea mrija wake uso unaocheka.*