Damu ya Tolliver

Katika Bonde la Tolliver, huko Nebraska, nyumba ilikuwa ya mwenye damu ya yule Tolliver aliyefika wa kwanza na gari lake la kukokotwa na ng'ombe. Asiye na damu hiyo alikaa kwa ridhaa ya mwenye nayo. Mwanakheri, aliyeolewa huko kutoka Pate, aliijua sheria hiyo vizuri, kwani wifi yake Lavinia hakumwacha aisahau.

Mumewe alipofariki, hata eda haijaisha, Lavinia alileta mezani mashine ya kupima nasaba.

"Mtoto huyu si wa kaka yangu," alisema. "Tafuteni pa kwenda."

"Basi anza wewe, wifi," Mwanakheri akamjibu.

Lavinia akacheka, akajichoma kidole, kisha akamchoma Naima, binti wa Mwanakheri, mwenye miaka tisa. Mashine ikanena kwa sauti ya upole: Naima ni Tolliver, kizazi cha kumi. Lavinia si wa damu hiyo.

Uso wa Lavinia ukasawijika. Kisha akamgeukia mtoto. "Naima, mwanangu, utaniruhusu nikae?"

"Mwambie atoke," Mwanakheri akasema. "Mwambie kama alivyotwambia sisi."

"Toka," Naima akasema.

Lavinia akatoka bila koti, na nje theluji inaanguka. Mwanakheri akashusha pumzi, akaanza kupakua chakula.

Naima alikuwa amehamia kwenye kiti cha marehemu baba yake.

"Mama," akasema taratibu, "na wewe huna damu yetu. Mbona bado hujaniomba?"