Maziwa Kwenye Kapeti

Boliti ya nne ya kiti ndiyo iliyogoma. Tatu za kwanza zilitoka kwa adabu na kuingia kwenye kopo la jemu, kila moja na namba yake ya chaki, kwa kuwa aliyezifungua alikuwa mwalimu wa hesabu na hakujua kufanya kazi bila namba. Ya nne ilikuwa imeota kutu. Mwalimu aliikandamiza spana kwa uzito wake wote, spana ikateleza, paji la uso wake likagonga usukani. Honi ikalia.

Akajikausha. Ndani ya nyumba, kandambili zikaanza kuburuzika kuja mlangoni.

Mama mkwe alisimama kizingitini, mikono kiunoni. Akalitazama gari lililokuwa wazi milango yote minne, kisha akamtazama mkwewe.

Gari lilikuwa la marehemu mume wake. Binti yao alirithi funguo, akarithi na sheria: humo ndani hakuliwi, hakunywewi, wala hakipandi chochote chenye majimaji. Marehemu ndiye aliyeitunga, mjane akaisimamia. Binti mwenyewe, alipokuwa mdogo, aliwahi kushushwa kando ya barabara kwa ajili ya pipi, akaimalizia amesimama huku wazazi wakimsubiri.

Sasa Mwalimu alikuwa amemwaga maziwa. Nusu pakiti, Jumapili, mbele upande wa abiria. Alipangusa kwa leso, akafunika doa kwa kikanyagio, akanyamaza. Jumatatu mke wake akapanda basi kwenda semina. Jumanne Mwalimu akampeleka mama mkwe sokoni. Mama alikaa nyuma kama bosi, mizigo miguuni, na njia nzima ya kurudi hakutamka neno. Mwalimu akajua ameshaisikia harufu. Kufikia Alhamisi, harufu yenyewe ilikuwa inamlaki getini.

Na leo saa kumi mke wake anarudi. Siku alipomkabidhi funguo za akiba alimwambia, "Ukiivunja sheria ya baba, utakwenda kazini kwa miguu mpaka ustaafu. Lakini mimi nakuamini." Miguu haikumtisha sana Mwalimu. Lile neno la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi wiki nzima.

"Mama," alisema sasa, "nilimwaga maziwa."

Akangoja radi.

"Maziwa," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akalipima lile neno, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. "Basi ni maziwa," alisema. "Yakichacha hayana mchezo. Ngoja nibadilishe nguo."

Mwalimu hakuamini masikio yake. Katika miaka sita ya ndoa, mama huyu hakuwahi kumpa hata glasi ya maji bila kuisindikiza na neno. Leo alirudi na ndoo, brashi mbili, sabuni ya unga na chupa nzima ya siki.

Walitoa viti vya mbele.

"Na cha nyuma," alisema mama mkwe.

"Maziwa yalimwagika mbele, mama."

"Maziwa yanatembea. Wewe umesomea hesabu, hukusomea maziwa."

Wakang'oa na cha nyuma. Wakafungua mikanda na plastiki za vizingiti, wakalivuta kapeti taratibu lisichanike. Chini yake walikuta peni tatu, kibanio cha nywele na vumbi la miaka. Bati la ile kona ya maziwa lilikuwa linang'aa, halina hata doa, naye Mwalimu akashukuru kwamba walau hapo palinusurika. Harufu ilipopanda, paka wa jirani akaja, akaketi, akatazama kwa heshima zote.

Walilitandaza kapeti uani.

"Nyuma niachie mimi," mama mkwe alisema. "Wewe pambana na dhambi yako huko mbele."

Alisugua kama mwenye kesi. Alisuuza, akamwaga siki, akanusa, akaanza upya. Mara tatu. Mwalimu alipotaka kumpokea brashi, alimfukuza kwa mkono wenye povu. Lakini alipoona ile nundu ya honi kwenye paji la uso wake, alilowesha kitambaa kwa maji baridi, akamfunga mwenyewe.

"Hili libaki kati yetu wawili," alisema.

"Mwanao asijue?"

"Ajue ili iweje? Kichwa kimempumzika huko semina, tusimtibue."

Mwalimu alikaribia kulia. Jua lilikuwa kali, kapeti likakauka ukutani. Saa tisa na nusu boliti zote zilikuwa zimerudi mahali pake, kwa namba, hata ile ya nne.

Mke wake alifika, akawasalimia, akaufungua mlango wa gari. Akavuta pumzi.

"Limekuwa kama jipya."

Hapo ndipo Mwalimu aliposhindwa. Mama mkwe alikohoa. Akamkanyaga mguu. Wapi.

"Mke wangu, niliivunja sheria. Nilimwaga maziwa, nikakuficha."

Mke wake akacheka mpaka akaegemea mlango. "Ya Jumapili? Niliyaona jioni ile ile. Niliinua kapeti hapo mbele, nikayasafisha mpaka kwenye bati, nikakaa kimya nione utaniambia lini. Umeniambia, imekwisha." Kisha akaziona namba za chaki kwenye boliti za viti vyote. "Lakini mpaka cha nyuma mmeking'olea nini?"

"Lilikuwa linanuka."

"Linuke vipi, na maziwa niliyatoa?"

Mume na mke wakatazamana.

"Ule mfuko wa samaki niliufunga mafundo mawili," alisema mama mkwe, kabla hajaulizwa na mtu.