Mkunga wa Reli

Kila mwaka kila nyumba hupendekeza hadithi tatu, ili watu wazitungie visa vipya na kupeana kama zawadi. Hadithi isiyopendekezwa na yeyote hufutwa pamoja na visa vyake vyote, kwenye karatasi na vichwani mwa watu.

Eunike alipendekeza mbili walizozipenda wanawe na moja aliyoipenda jirani mgonjwa. "Mkunga wa Reli" alimwachia dada yake Foibe, kwa kuwa ndiye mkubwa, na ndiye aliyerithi madaftari ambamo marehemu mama yao alimtungia mkunga huyo visa.

Orodha ya mapendekezo ilipofungwa, Eunike akapiga simu.

"Dada, umemweka mkunga wa mama?"

"Nilikuachia wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsomea mama."

"Basi tumwombe msimamizi wa orodha."

"Ikishafungwa haifunguliwi. Tumwombe Mungu."

Wakaomba. Kisha Foibe akafungua daftari la kwanza, akaanza kusoma mbiombio. Mkunga alipofika stesheni ya pili, sauti ikakoma.

"Endelea, dada."

"Niendelee na nini? Hili daftari ni jeupe. Nilikuwa nakusomea nini?"

Eunike alitaka kumjibu. Alijua tu kwamba walikuwa wamemwombea mtu, na akaona haya kumuuliza Mungu jina la mtu huyo.